Kitabu Nilichokichoma kwa Makofi

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena! Ndugu wa vyombo, naomba usiizime hiyo spika. Najua inakwaruza. Iache ikwaruze, nina sababu yangu, nitaisema nikifika.

Mnanijua. Mimi ni Wafula, Baba Neema, yule wa kuchaji simu kwa sola pale karibu na stendi. Kwetu ni Bungoma, lakini nilioa huku Turkana, na shemeji zangu mko hapa leo, nawasalimu kwa Kiturkana, ejok nooi. Nilikuwa jeshini miaka kumi na minne, nikafika cheo cha koplo, kazi yangu redio. Na mwaka jana, 2012, kabla ya Krismasi, nilisimama mbele ya kanisa hili hili nikashuhudia kwamba Yesu ameniponya vita vilivyokuwa kichwani mwangu. Mlipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakatimua mbio.

Ndugu zangu, ule ushuhuda ulikuwa uongo.

Tulieni. Msigune. Mungu hakudanganya mtu. Mimi ndiye niliyedanganya, na leo nimekuja kuurudisha uongo wangu pale nilipouacha.

Nianze mwanzo. Tulitumwa kulinda amani katika nchi ya watu. Wenzangu walikuwa wanatoka kwenda doria, mimi nabaki kambini na redio masikioni, wakiniita naandika. Siku moja mchana wakaniita. Ilikuwa sauti ya Mutiso, rafiki yangu, tumekula sahani moja tangu siku za mafunzo. Akaanza kusema, halafu redio ikakwaruza, shhhhh. Nikamwambia rudia. Rudia, Mutiso. Nilisema rudia mpaka mkubwa wangu akaja akanivua vile vya masikioni kwa mkono wake. Watu watano walikuwa kwenye gari lake la doria, hakuna aliyerudi. Mimi nilirudi Kenya na mikono miwili na miguu miwili, bila mkwaruzo. Watu wakaniambia una bahati wewe, shukuru Mungu. Nikashukuru.

Bahati gani hiyo, jamani! Ile kelele nilirudi nayo. Mtu akitafuta stesheni kwenye redio, shhhhh, mimi siko tena Lodwar. Mwili uko hapa, mimi niko kule nasema rudia. Ikinishika simjui mke, simjui mtoto, nitasukuma yeyote aliye mbele yangu. Ndiyo maana nilikuwa nakaa benchi la mwisho kando ya mlango. Mlidhani ni unyenyekevu, wengine mkanisifu! Nilikuwa navizia spika ikianza nitoke nje.

Siku ya kuacha kazi nilipewa kitabu changu cha kuachia jeshi, na afisa mmoja akaniambia, "Koplo, kichwa kikikusumbua kuna watu wa kukusaidia. Njoo na hiki kitabu." Nikajibu ndiyo, afande. Moyoni nikasema, mimi si mwendawazimu. Wako wenzangu waliokatika miguu, hao ndio wa kusaidiwa. Mimi niende kusema nini, kwamba naogopa redio?

Mama Neema alivumilia, ikafika mahali akachoka. Alichukua mtoto akaenda kwa baba yake Kakuma. Alikuwa huko miezi mitatu ulipokuja ule mkutano wa injili uwanjani, naye akaja Lodwar kwa sababu ya mkutano, si kwa sababu yangu.

Mhubiri mgeni akasema kila mwenye kitu kinachomfunga na maisha ya zamani akilete kichomwe moto. Watu wakaleta hirizi. Wakaleta tumbaku. Dada mmoja, simtaji, alileta barua za mchumba wa zamani, na mume wake amesimama pale pale! Mimi nilileta bereti yangu na kitabu changu cha jeshi. Mchungaji Samweli, umekaa hapo mbele, unakumbuka, wewe ndiye uliyenishika mkono tukavitupa motoni. Kisha mhubiri akaniwekea kiganja kichwani akapaza sauti, "Anguka!"

Nikaanguka. Ndugu zangu, mimi ni mwanajeshi. Nikiamriwa kuanguka, naanguka. Sikusikia nguvu wala joto, nilisikia changarawe mgongoni.

Nikalala pale nikiwaza, sasa nikiamka nitasema nini? Nikafungua jicho moja. Nikamwona Mama Neema analia kwa furaha, ameziba mdomo kwa leso. Basi nikaamka nikasema nimepona, na Jumapili nikaja hapa nikasema tena. Wiki ile ile akarudi nyumbani na mtoto.

Tulikaa wiki tano. Jumamosi moja asubuhi Neema, ana miaka sita, alichukua redio ndogo mezani akaanza kuizungusha kutafuta nyimbo. Anacheka. Shhhhh. Katikati pale sina kumbukumbu. Ninachokumbuka ni redio iko mkononi mwangu na mtoto wangu yuko chini karibu na mlango, mkono wake umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Hakulia. Aliniangalia tu. Ee Mungu wangu, mtoto wangu aliniangalia!

Mama Neema hakunipigia kelele. Alimbeba mtoto mpaka hospitali, mkono ukafungwa plasta, na kutoka pale hawakurudi nyumbani, walipanda gari la kwenda Kakuma. Simu yangu aliipokea mara moja tu. Akasema, "Baba Neema, ungekuwa mgonjwa ningekaa na mgonjwa, ningejua namna ya kumlinda mtoto. Lakini uliniambia umepona."

Nikawafuata. Baba mkwe wangu, Mzee Lokwang, anafanya biashara ya mbuzi pale Kakuma. Alitoka akanikuta nje ya boma lake. Tukasalimiana ejok kama kawaida, lakini hakusema karibu, na kigoda alichoshika akakikalia mwenyewe. Akaniuliza swali moja.

"Ulisema Mungu amekuponya. Sasa mwongo ni Mungu ama ni wewe?"

Nikasema ni mimi, mzee.

"Basi nenda useme hivyo mbele ya wale wale walikupigia makofi. Na utafute dawa. Ukimaliza hiyo yote mbili, binti yangu ataamua mwenyewe. Sitamsukuma na sitamzuia."

Mke wangu nilimwona kwa mbali, amesimama mlangoni na Neema nyuma yake. Sikuthubutu kuita jina.

Gari la kurudi Lodwar lilikuwa limeondoka. Nikatembea tu, sijui naenda wapi, mpaka nikajikuta ndani ya kambi ya wakimbizi, mbele ya kanisa la mabati la ndugu zetu wa Sudan Kusini. Nikaingia kukwepa jua. Nikakaa benchi la mwisho kando ya mlango. Shemasi wao mmoja, Yohana Lual, mzee mrefu wa kuinama mlangoni, akaja akanitazama.

"Wewe ilikuwa askari," akasema.

Nikashtuka. "Umejuaje?"

"Hiyo benchi ni yangu."

Yohana alipigana ujana wake wote huko kwao, bunduki aliiacha kitambo. Kila Jumatano alasiri wanaume wa namna yake hukaa pamoja kanisani humo, na siku ile ilikuwa Jumatano. Hawana chama kilichoandikishwa. Hawana ofisi wala pensheni. Wana swali moja wanaulizana kwa zamu: "Umelala?" Mtu anasema nimelala, au sikulala, kisha anaeleza kwa nini, na wengine wanasikiliza. Zamu ikanifikia. Jina la Mutiso lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu tangu nivue magwanda. Siku ile likatoka, na nikasema yote mpaka mkono wa Neema. Hakuna aliyeniambia anguka. Mzee mmoja alinisogezea kikombe cha chai, akaniongezea sukari bila kuniuliza.

Ila nilipofika kwenye kuchoma kitabu, walicheka! Walicheka hawa wazee mpaka mmoja akashika ubavu.

"Ya akhi, ndugu yangu!" Yohana akanipigia kelele. "Wewe iko na serikali! Iko na ofisi, iko na daktari, iko na mchungaji ya jeshi, yote nangoja wewe tu. Na wewe nachoma karatasi yake? Sisi hapa, mtu akitupa hata meza moja na kiti ya miguu tatu, tunapiga ngoma wiki mzima!"

Nikacheka na mimi, nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Yohana akangoja ninyamaze, kisha akasema taratibu, "Mungu alituma msaada mbele yako. Wewe ulitia moto."

Nikarudi Lodwar nikaanza kuulizia. Kumbe kuna chama cha wanajeshi wastaafu, na mtu wao yuko hapa hapa mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi ninaponunua waya kila mwezi! Nilikuwa napita mbele ya mlango ule nikiwa na shida yangu mkononi. Nikamkuta mama mfupi mwenye miwani, sajini mstaafu. Akaomba kitabu.

"Nilikichoma, afande."

"Nyumba ilishika moto? Pole sana."

"Hapana. Mkutano wa injili."

Akaweka kalamu chini. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Namba yako ya jeshi?" Namba ikatoka kabla sijafikiri. Mwanajeshi atasahau hata siku aliyooa, namba hasahau. Akaiandika. "Basi hujachoma kila kitu," akasema. "Kaa chini."

Alinituma polisi nikaandikishe kwamba kitabu kimepotea. Polisi naye akasema kitu ulichokichoma mwenyewe hakijapotea, lete shahidi wa maandishi. Ndugu zangu, shahidi alikuwa nani? Nikaenda kwa Mchungaji Samweli. Nilijua angeweza kukataa, maana ana jina lake la kulinda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua karatasi akaandika: nilikuwepo, nilimshika mkono, nilikosea. Akagonga muhuri wa kanisa. Mchungaji, toba nimehubiriwa mara nyingi, lakini siku ile niliiona ikigongwa muhuri. Mungu akubariki.

Barua zikaenda. Jibu lilipokuja, nilisafiri mpaka hospitali ya jeshi, na tangu wakati huo nakwenda kila mwezi. Kuna mshauri pale, dada mmoja mdogo kwangu kwa umri. Siku ya kwanza tuliongea tu. Siku nyingine aliweka redio mezani akaifungua kidogo sana. Nikakimbilia mlango. Hakunikataza. Akangoja nirudi, tukaanza upya. Alinifundisha kusema kwa sauti: mimi ni Wafula, niko hapa, hii ni meza, huu ni mkono wangu. Msicheke, ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia la chumvi.

Na kuna mchungaji wa jeshi. Nilimwambia kwamba nilimwita Mutiso na sikuweza kumsaidia. Akasema, "Wafula, wewe ulikuwa wa mwisho kuisikia sauti yake. Hukumwacha. Ulikaa naye mpaka mwisho." Miaka yote hiyo, ndugu zangu, sikuwahi kuliona jambo lile hivyo! Nililia pale kama mtoto. Wokovu wangu naujua saa yake, ndiyo ile, na sikuanguka, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi.

Nimewaza sana. Sisemi Mungu haponyi papo hapo, yeye ni Mungu, afanye apendavyo. Lakini mimi aliniponya kupitia wazee wa kambini na chai yao, na mama mwenye miwani na kalamu. Nilikuwa nataka muujiza ili nisiombe msaada. Huo ulikuwa ni kiburi changu, nilikivika nguo ya imani.

Kama kuna mtu hapa aliyewahi kuvaa magwanda, au mke wake, au mama yake, msione haya. Hata kama miguu yako yote ipo. Hirizi leta tuichome, lakini kitabu cha jeshi kifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiweke sandukuni! Na kama ulishakichoma, njoo dukani kwangu, nitafunga nikupeleke mwenyewe mpaka mlangoni. Mtumaini Mungu, kisha piga hodi.

Sasa nimemaliza lililobaki kati ya yale mawili aliyonituma baba mkwe. Yuko hapa. Mzee Lokwang amekaa benchi la mwisho kando ya mlango, benchi langu lile, na Mama Neema pamoja naye, na Neema, ambaye plasta yake imeshatoka.

Mama Neema, hii spika imekwaruza tangu nishike maikrofoni. Umeisikia. Hata mimi nimeisikia, kila dakika, na jasho hili mnaloliona si la jua. Sijapona yote. Wakati mwingine nitakuambia leo ni mbaya, toka na mtoto, na utajua nasema kweli. Mimi ni Wafula, niko Lodwar, niko hapa.

Asante Yesu. Kanisa, leo naomba msipige makofi. Mwenye kusema sasa yuko kule nyuma, na mimi nitangoja.