Dada Yetu wa Kreni na Woga Wake

Ndugu waombolezaji, anayesimama mbele yenu kwa niaba ya familia ni mdogo wake marehemu, na anaomba mumvumilie, kwa kuwa historia aliyoiandika mwanzoni ilikuwa fupi na tamu kuliko hii, ila marehemu mwenyewe aliikataa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kreni, alizaliwa tarehe 3 Machi 1964, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akasoma shule ya msingi kuanzia 1971 hadi 1977, kisha sekondari, na mwaka 1982 akaingia chuo cha ufundi kusomea mitambo, msichana peke yake darasani, ambako siku ya kwanza mwalimu alimkabidhi ufagio, naye akafagia, akauweka pembeni, akaenda kukaa kiti cha mbele.

Tarehe 2 Septemba 1985 aliajiriwa na kampuni ya ujenzi kama karani wa stoo, na tarehe 11 Mei 1991, opereta wa kreni alipokosekana kwa siku ya tatu, fomeni alisema kwa mzaha kwamba labda yule dada wa stoo apande, watu wakacheka, akapanda. Vidato vya ngazi vilikuwa mia mbili na kumi, na alipofika kwenye kibanda na kuona watu chini ya viatu vyake kupitia kioo cha sakafuni, alifunga macho akahesabu hadi hamsini. Woga ule hakuuzoea kamwe, kwa miaka ishirini na minane ulimjia kila asubuhi ukiwa mpya.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993 na fundi cherehani, shemeji yetu huyu mpole, aliyeshona, akapika na kulea, na walipomcheka kwamba amekaliwa na mkewe, alijibu kwamba yeye amekalia kiti chake tu, anayetaka aje apimwe suruali. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1995 na wa kike mwaka 1998. Majirani waliomsikia marehemu akitapika bafuni alfajiri kabla ya kwenda kazini walihesabu mimba kumi na moja, wakashangaa watoto kubaki wawili, na ni shemeji peke yake aliyejua kuwa ile haikuwa mimba, ilikuwa hofu.

Kazini kulikuwa na utaratibu kwamba opereta akiona upepo mbaya hushusha mzigo, hufunga kitambaa chekundu mlangoni mwa kibanda na kushuka, wala hakuna anayemuuliza. Wanaume walishuka, wakanywa chai, wakazungumzia hali ya hewa. Marehemu alijua kwamba yeye akishuka, kitakachozungumziwa hakitakuwa hali ya hewa, kwa hiyo hakushuka hata siku moja.

Tarehe 9 Agosti 2004, saa nne asubuhi, upepo ulipozidi, opereta wa kreni ya pili alishuka, marehemu akabaki juu, akilia, mikono imekufa ganzi, na mzigo wa nondo ukayumba, ukapiga jukwaa, na mtoa ishara wake, aliyekuwa hapo akimwongoza kwa mikono, akaanguka na kuvunjika nyonga. Ripoti ililaumu upepo, na fomeni akamsifu mbele ya wafanyakazi kwamba ana moyo wa kiume, wakapiga makofi, naye akarudi nyumbani akaketi jikoni na buti zake miguuni mpaka shemeji alipomvua. Baada ya hapo aliogopa maradufu, lakini sasa alikuwa na sifa ya kulinda, akaendelea kupanda hadi alipostaafu tarehe 1 Aprili 2019.

Alianza kuugua ini Novemba 2022. Tarehe 14 Juni 2023 binti yake alifaulu mtihani wa uopereta wa kreni, akaja wodini na kofia yake ya kazi mkononi, akiahidi kwa furaha kwamba kama mama hakushuka hata mara moja, naye hatashuka. Marehemu alitetemeka hadi muuguzi akadhani ni homa, na jioni ile akamwita mdogo wake, ambaye alikuwa ameandika kwamba dada hakujua woga, akamwambia aichane karatasi ile na aandike ukweli, asiache kitu. Alifariki tarehe 27 Julai 2023, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Binti, Jumatatu unarudi kazini, na sisi wote tunaogopa, tena tunaogopa sana. Upepo ukivuma, shuka, na wakisema umeshuka kwa sababu ni mwanamke, waache waseme nawe umesimama ardhini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake, hasa wewe, mtoa ishara wake, uliyekuja leo na mkongojo wako, na ambaye marehemu alikuandikia barua saba za kuomba msamaha bila kutuma hata moja, utakabidhiwa zote kabla hujaondoka. Dada, woga wako umesomwa mbele ya watu na hakuna aliyecheka, sasa pumzika kwa amani.