Mama Viraka Anarudisha Ufunguo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Viraka atarudisha ufunguo wa maabara ya fuwele na kwenda nyumbani. Wakubwa wamenipa mimi, mtunza chumba cha baridi, niandike habari zake, kwa sababu wengine wote waliomjua akiwa na nywele nyeusi wamekwisha kustaafu. Shule niliiaga darasa la sita. Sikuililia, nayo haikunililia. Nivumilieni.

Kazi yake, kwa lugha yangu, ni hivi. Protini huyeyushwa katika tone dogo kama chozi la sisimizi. Tone hilo hukaa kwenye trei chumbani kwangu wiki kadhaa, na Mungu akipenda hutokea fuwele humo, kitu kinachometa kama chembe ya chumvi. Fuwele hupigwa eksirei, kisha kompyuta huchora protini ilivyojikunja. Hapo kwenye kompyuta ndipo vijana wetu walipokuwa wakitokwa jasho. Mchoro mmoja ulitaka mistari sitini ya msimbo, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta, na koma moja ikikosewa, siku imekwenda na maji.

Mama alikuwa mvivu wa kurudia jambo, na uvivu huo ndio uliotujenga. Akiandika msimbo ukafanya kazi, aliukata vipande: hiki kinapaka rangi, kile kinapima umbali wa atomi na atomi, kingine kinaondoa maji yasiyotakiwa. Akaviweka kwenye madaftari ya mtandaoni, ambayo kila mmoja wetu huyafungua popote alipo. Unakiita kipande, unaandika jina la protini yako, kazi imekwisha. Mimi nikaviita viraka, kwa jinsi vilivyositiri uchi wa wengi. Jina likamganda yeye.

Juu ya kila kiraka aliacha neno kwa mtumiaji. Kimoja kinasema: "Mwanangu, hapa usiguse, hata kama una shahada mbili."

Daktari mmoja kijana, ambaye leo ni bosi na sijui atanitazamaje akisoma haya, alikichukua kiraka akasahau kubadilisha jina. Akasimama mbele ya wageni, akaisifu nusu saa nzima protini ya kimelea chake, mikunjo yake na vishimo vyake. Kumbe ilikuwa protini ya ute wa yai, ile ya mfano aliyoiacha Mama ndani ya kiraka. Wageni wakapiga makofi. Mama, kiti cha nyuma kabisa, alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio. Kesho yake aliacha nafasi ya jina wazi katika viraka vyote, visiende mpaka uijaze, na juu akaandika: "Baba, yai tumeshakula. Taja la kwako."

Lakini kuna moja hakuipata. Miaka kumi na mmoja alitafuta fuwele ya protini ya kimelea kinachopofusha watu. Ilikuja mara moja tu, miaka saba iliyopita, nyembamba kama unyusi wa mtoto mchanga. Zilibaki siku nne ikomae. Wakaguzi walikuwa wanakuja, nami nikaona kuvu chini ya rafu. Nikazihamishia trei juu ya mashine ya ubaridi, nikasugua, nikazirudisha. Mashine ile hutetemeka kama mzee mwenye homa. Kesho yake fuwele ilikuwa vumbi.

Kikaoni Mama alisema huenda yeye ndiye aliyekosea kipimo cha chumvi. Nilikuwa mlangoni, beseni mkononi. Nikaenda kumwaga maji. Mwaka uliofuata maabara nyingine, ya mbali, ikaipata sura ya protini ile. Mama akawaandikia pongezi, akarudi kwenye viraka vyake. Hakuna tone jingine lililokubali.

Tangu fuwele ile ivunjike, kila asubuhi vijana huja mlangoni kwangu: shikamoo mzee, trei zimesogezwa tangu jana? Nilidhani ni adabu tu, nikawa nawajibu kweli. Wiki iliyopita, ili nipate la kuandika, nilimwomba binti anayerithi meza ya Mama anisomee viraka. Akafika kile cha kupanga picha za matone. Hakiendi mpaka ujibu kama trei zimesogezwa. Tarehe yake ni siku mbili baada ya fuwele kuvunjika. Juu yake pameandikwa: "Mwanangu, kamuulize mzee wa chumba cha baridi. Mwamkie kwanza. Akisema ndiyo, usimgombeze, kesho hatakwambia."

Miaka saba alijua. Miaka saba tumekunywa chai meza moja, mimi na mfupa wangu kooni, yeye akinisogezea sukari.

Mama Viraka, swali lako nimelichelewesha. Ndiyo, nilizisogeza mimi. Nisamehe, dada yangu.

Asante kwa miaka yote hiyo. Nenda na afya njema, ulale mpaka jua likuchoke, na wajukuu wakuulize jambo lilelile mara mia, tuone kama una kiraka cha kuwajibu.

Leo asubuhi vijana wamekuja tena kuniuliza. Trei hazijaguswa.