Laini Nne za Koleo

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, na kazi hii ya kusoma wasifu wa kaka yangu mbele yenu nimepewa, sikuiomba.

Kaka, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Koleo kwa sababu koleo halikumtoka mfukoni hata siku ya harusi yake, alizaliwa tarehe 14 Juni 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, na mwaka 1972 akaajiriwa kituo cha simu, akachimba mitaro, akapanda nguzo, hadi akawa mkufunzi wa mafundi wenzake. Mdomo hakujaliwa, ila sheria moja aliirudia mpaka ikachosha, kwamba laini iliyokaa kimya mwezi mzima ikatwe apewe mwingine, maana waya ulikuwa haba na watu wakisubiri.

Tarehe 2 Septemba 1978 alifunga ndoa na shemeji yangu, aliyezoea kulalamika kwamba ameolewa na koleo, wakajaliwa mabinti wawili, na alipostaafu mwaka 2008 walihamia mlimani, ambako binti mkubwa ni muuguzi wa zahanati.

Zahanati ile iko mbali na kituo cha simu, na intaneti ya waya hunyong'onyea kadiri waya unavyorefuka, kwa hiyo mwaka 2009 kaka aliomba laini nne, akaziunganisha kwenye kisanduku kimoja zibebe mzigo pamoja kama laini moja, na madaktari bingwa wa mjini wakaanza kuwaona wagonjwa wetu kwenye skrini. Laini moja zahanati iliitumia pia kupigia simu, lakini zile tatu hazikuwahi kulia.

Asubuhi ya tarehe 9 Machi 2011 alibanwa na kifua, binti yake akampima moyo, akamtumia bingwa kile kipimo, kikakwama, na kwenye kisanduku ilikuwa inawaka taa moja tu kati ya nne. Simu ya mkononi kule hushika sauti kwa taabu, na bingwa alisema dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huweza kuua, hawezi kuiruhusu bila kuona kipimo. Msimamizi wa zamu kituoni, mwanafunzi wa kaka, alipopigiwa alieleza kwamba jana yake, katika ukaguzi wake wa kwanza wa laini za mlimani, alikata laini tatu zilizokuwa kimya, maana ukaguzi huhesabu simu zilizopigwa tu, hauoni intaneti. Kaka alisikia yote pale kitandani, akasema kijana asigombezwe, amefanya alivyofundishwa.

Alifariki saa tano, laini zikarudi saa sita, bingwa akakiona kipimo, akasema dawa ingemfaa. Dawa hiyo ilikuwa mkononi mwa binti yake.

Familia inamshukuru bingwa aliyekaa mbele ya skrini muda wote ule, majirani waliombeba, na wafanyakazi wenzake wa kituo cha simu, akiwemo kijana aliyesimama kule nyuma, ambaye tunamwomba asogee akae nasi. Hatumshtaki mtu, na heri tungekuwa na wa kumshtaki.

Pumzika kwa amani, kaka, maana sisi uliotuacha hatunayo.