Tulivyosoma Biblia kwa Kidole

Mgeni rasmi, Baba Askofu Wafula, mchungaji wetu, mzee wa mtaa, na majirani wote mlioacha kazi zenu mje kuona gari la Askofu: tunawasalimu kwa jina la Bwana, na poleni na jua.

KUKARIBISHA

Baba Askofu, karibu Kaloleni. Kiti ulichokalia kimechongwa na mwenzetu Matheka. Yule twiga wa mgongoni ana pembe, lakini ukiegemea kushoto kidogo hatakudunga. Hapo. Asante.

Tumeambiwa risala iwe fupi kwa sababu una ibada nyingine mtaa wa Ziwani. Tutakimbia, isipokuwa mahali pamoja, ambapo tunaomba ruhusa tutembee.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki cha Biblia cha Jumanne kilianza kwenye veranda ya Mama Nthoki, mjane wa karani wa reli, yule aliyekaa mbele kabisa amejifunga kitambaa cha kijani. Wakati huo wengi wetu tulikuwa tunabeba Biblia kanisani vile mtu hubeba mwavuli mwezi wa Januari. Mama Nthoki ndiye aliyetufungulia. Alikuwa anasoma sura nzima kwa sauti, halafu anavua miwani na kuuliza: Hapa ni nani anasema? Anamwambia nani? Amesema nini kabla ya hapo? Mtu akirusha jibu la haraka anamwangalia tu. "Baba, hayo umeyatoa kwa Biblia ama kwa redio?"

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Kwanza alisogeza Biblia mbali, halafu karibu, halafu akasema balbu ya veranda ni mbaya. Tukabadilisha balbu. Balbu haikuwa na shida.

Ni wakati huohuo, Baba, ulipokuja kutufungulia choo kipya cha kanisa. Siku ile ulifumba macho, ukafungua Biblia popote, ukashusha kidole na kusoma mstari ulioangukia, ukasema, "Hili ndilo neno lenu." Ulipata mito ya maji ya uzima. Kwa siku ya kufungua choo, neno liliingia vizuri sana, na tukapiga makofi mpaka mikono ikawaka. Jumanne iliyofuata tukaambiana: msomaji wetu haoni, lakini vidole tunavyo.

Hatukulaumu, Baba. Tunaeleza tu barabara tuliyopitia.

MAFANIKIO

Kiema, dereva wa lori la mchanga, ndiye alianza. Kidole chake kilimwangukia Yehu, yule aliyeendesha gari la farasi kama mwendawazimu. Kiema akaona huo ni upako. Trafiki walimsimamisha karibu na Dandora, ule mtaa uliogawanywa kwa phase, na alipojitetea kwa Maandiko, afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa kalamu, akauliza, "Na huyo Yehu wako anakaa phase gani, tumpitie pia?"

Matheka naye aliangukia maonyo kwa wanaochonga sanamu. Akaacha twiga, akaacha simba, akachonga miiko ya kupikia tu. Mkewe, Kavindu, alivumilia hadi siku aliyofungua kabati miiko ikamwagikia miguuni. "Matheka," akasema, "hii nyumba ina miiko mingi kuliko vitu vya kukoroga. Muulize Mungu kama alimaanisha hivyo."

Aliyetuamsha kabisa ni Mzee Zubeiri mwenye duka, jirani yetu Mwislamu, ambaye ukuta wa duka lake unapakana na veranda, kwa hivyo anatusikia apende asipende. Jumanne moja alichungulia akasema, "Jamani, samahanini. Kwetu mtoto akisoma Kurani chuoni, anakaa na mwalimu, aya baada ya aya. Nyinyi mwalimu wenu ni kidole?"

Tulinuna. Halafu tukacheka. Halafu tukarudi kwa sura nzima, kwa zamu, tukikwama kwama kama watoto wa nasari. Hapo ndipo Matheka alipokutana na Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu, na kazi moja aliyopewa ni kuchonga mbao. Alisoma ukurasa ule akausoma tena, akainuka akaenda kutafuta patasi yake. Na Kiema akagundua kwamba kusimuliwa habari za mtu kwenye Biblia si kuagizwa umuige. Sasa tunampita tukiwa kwa miguu.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo tunaomba kutembea.

Kabla hatujaacha kidole, Mama Nthoki aliambiwa kliniki kwamba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anaweza kupasuliwa aone tena. Wataanza na la kulia. Alirudi nyumbani amefurahi, akamwambia Kavindu amsomee neno la safari. Akashusha kidole mwenyewe. Kavindu alitazama mstari ule, akashika ukurasa kuufunua.

"Soma," akasema Mama Nthoki.

"Mama, tujaribu ukurasa mwingine."

"Kavindu, soma."

Ulikuwa ule wa jicho la kulia likikukosesha, ling'oe.

Tangu siku hiyo hasikii la mtu. Si kisu pekee anachoogopa, Baba. Anaona kwamba Mungu amemwonya waziwazi kuwa jicho lile litang'olewa, na kwamba akienda atakuwa amemkaidi. Mtu anayempenda Mungu vile anavyompenda, humtoi hapo kwa kumwambia daktari ni mzuri.

Basi tulienda kwake sote, tukamsomea sura, tukamuuliza maswali yake mwenyewe. Nani anasema? Yesu, mlimani. Amesema nini kabla ya hapo? Habari za mwanamume anayemtazama mwanamke kwa tamaa.

Kiema akashindwa kujizuia. "Sasa Mama, ukweli usemwe. Wewe ulikuwa unamtamani nani?"

"Nyamaza wewe! Na macho haya ningemwona nani?"

Alicheka, Baba. Alikuwa hajacheka kwa muda mrefu. Kiema akaona mlango umefunguka kidogo, akasukuma. "Na mstari unaofuata unakata mkono. Kama ni hivyo, Jumapili si tungekuwa tunapitisha sahani ya sadaka kwa meno?"

Alicheka tena, akafuta machozi kwa pembe ya kitambaa. Tulidhani tumeshinda. Lakini alipotulia alisema polepole, "Wanangu, mnasoma vizuri. Lakini aliyenionyesha kusoma kwa kidole ni Askofu. Mpaka Askofu mwenyewe anitoe."

MAOMBI

Mgeni rasmi, risala za mtaa huu huomba viti, mabati, na spika. Mabati yetu yanavuja na spika unaisikia inavyokohoa. Hatuombi hivyo leo.

Kambi ya macho ambako atapasuliwa inafungwa Alhamisi, halafu madaktari wanahamia mkoa mwingine. Jina la Mama Nthoki liko kwenye foleni, na binti yake amekuja kutoka Machakos kumpeleka. Kinachokosekana ni yeye kukubali.

Tunaomba hotuba yako ibaki mfukoni kwanza. Fungua Mathayo sura ya tano, bila kufumba macho, uisome na Mama Nthoki tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukifika kwenye jicho, simama hapo, umweleze wewe kwa mdomo wako Bwana alikuwa anasema nini na alikuwa hasemi nini. Ukiona ni vyema kuongeza neno kuhusu siku ile ya choo, sisi tutatazama chini kwa heshima. Bi Muhiba, mke wa Mzee Zubeiri, ametupikia pilau, na tumekubaliana kwa kauli moja kwamba sufuria haifunuliwi mpaka sura iishe.

Bwana akujalie afya, Baba, akupe barabara nyeupe hadi Ziwani, na neno utakalosema hapa lisirudi bure.

Sasa Mama Nthoki anasimama. Tafadhali usimngoje afike kwako. Kuna ngazi mbele yake, na haioni.

Ni sisi wanao,
Kikundi cha Biblia cha Jumanne, Kaloleni.
Imesomwa na katibu, Sylvance.