Sumu ya Nahimana

Basi la Mwanza lilipotoka Tabora, nyuma yangu mama mmoja wa Ulyankulu, Nahimana, alimwambia jirani yake kwamba hafiki tena hospitali Mwanza; atashukia Nzega, arudi nyumbani. Dripu ya kwanza ya saratani ilimtapisha wiki nzima, nywele zikapukutika. "Kaka yangu anasema ile ni sumu."

Jirani huyo, Julieth, alikuwa mfamasia wa hospitali hiyohiyo. Nilidhani atakana.

"Ni sumu kweli, mama, sitakudanganya. Ndani ya kila seli kuna vinasaba, kama nyuzi mbili zilizosokotwa. Seli ikitaka kuzaa nyingine, lazima nyuzi ziachane. Dawa inazifunga pamoja, seli inashindwa kugawanyika, inakufa."

"Na nywele zangu zilikosa nini?"

"Hazikukosa. Seli zake nazo huzaliana haraka, na dawa haichagui vizuri. Lakini nywele zitaota tena, mama. Uvimbe ukiachwa..."

Nahimana alimgeukia. "Mwanangu, wewe, sumu hiyo imewahi kuingia mwilini mwako?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Mimi nilijifanya nimesinzia.

Nzega kondakta aliita wanaoshuka. Nahimana alisimama na mfuko wake, Julieth akampisha.

"Dripu ikianza kuingia," Nahimana aliuliza, "utakuwepo?"

"Nitakaa nawe mpaka iishe."

Safari yangu iliishia hapo. Nilipogeuka mlangoni, mama alikuwa bado amesimama, ameshikilia kiti, na abiria wa nyuma wanamwomba njia.