Kilemba cha Misi Hermina

Asubuhi ya Keti Koti, sikukuu ya kukatika minyororo ya utumwa, mji wote wa Paramaribo hunukia tangawizi na nguo zilizotiwa wanga. Mimi huwamiminia kahawa wazee wa benchi lililo mbele ya duka letu. Leo Baas Eduard, fundi viatu, amevaa suti nyeupe na hatulii. Alimwomba Misi Hermina waandamane pamoja mbele ya watu wote, naye akamjibu, “Jibu utalisoma kichwani kwangu.” Kwetu kilemba husema, na kila mkunjo una neno lake. Basi alfajiri akapita, gauni lake pana la njano liitwalo koto likifagia njia, pembe za kilemba zimesimama kisogoni. Akatusalimu, akaenda zake.

Mzee tunayemwita Redio, kwa kuwa hajui kunyamaza, ndiye aliyeanza.

— Huo mkunjo ni “Waache waseme.” Pole, ndugu yangu.

— Kwa hiyo nimekataliwa? akauliza Eduard.

— Nani kasema? akadakia Kepteni, ambaye hajawahi kuwa na hata mtumbwi. “Waache waseme” hutandazwa kama mkia wa tausi. Ule ni wa hasira. Viatu vyake ulimtengenezea?

— Vyote viwili!

— Basi vinambana.

— Bibi yangu alifunga vile kila alipomtoroka babu, akasema Redio.

— Kumbe alikuwa anatoroka? akauliza Eduard.

— Kila mwaka. Njaa ikimuuma babu, bibi anarudi.

— Sikilizeni, Kepteni akasimama na kikombe chake. Ile ni ramani! Wazee wetu walificha njia za msituni vilembani. Hermina anamtuma Eduard msituni.

— Msituni nikafanye nini na suti hii?

— Hayo muulize mwenyewe.

Ngoma za maandamano zikalia mbali. Eduard akaanza kuvua koti taratibu, hata nikaona uchungu.

— Naenda nyumbani. Nitakula muhogo wangu peke yangu.

Hapo akafika mama mmoja mgeni, jasho linamtoka, akaomba maji.

— Samahanini, akasema. Yule mama wa koto la njano anamsubiri nani pale kona? Jua litamuua jamani.

Redio alichora pembe za kilemba hewani kwa kidole, kisha akaachama mdomo.

— “Tukutane kona,” akanong'ona. Mkunjo ule ni “Tukutane kona”!

Eduard alikwisha kuondoka mbio, mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje.

Kepteni akaketi, akaninyooshea kikombe.

— Si niliwaambia ni ramani?