Hakuna Chai Mpaka Benchi Liwe Tupu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Taratibu anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na nne kwenye maabara yetu, mingi kati ya hiyo akiwa katika chumba cha kutolea damu. Sherehe ya kumuaga ni kesho yake, Jumamosi, saa tano asubuhi. Mliopata lile tangazo la kwanza lililosema saa tatu, lichaneni. Muda umesogezwa kwa ombi la mstaafu mwenyewe, na sababu imo humu ndani, kwa hiyo msome mpaka mwisho na msije mkaniuliza mlangoni.

Jina lake halisi liko kwenye faili la utumishi na litabaki huko huko, maana hakuna anayelitumia. Taratibu ndilo neno analomwambia kila mgonjwa kabla ya sindano. Wagonjwa walianza kumwita hivyo, nasi tukadakia, na siku hizi hata mkuu wa maabara akipanga zamu anaandika Taratibu bila kucheka.

Alianza kwa kuosha vichupa. Akahamia mapokezi, kwenye kiti hiki hiki ninachokalia, akasomea utaalamu kwa masomo ya jioni huku mtoto wa kwanza yuko mgongoni, kisha akaingia chumba cha damu na hapo ndipo alipoota mizizi. Alikuwa na mikono ya baridi. Kwa kazi yetu hilo ni balaa, kwani mtu akiguswa na mkono wa baridi anashtuka na mshipa unajificha. Akajizoeza kuosha mikono kwa maji ya moto kabla ya kila mgonjwa, na hajaacha mpaka leo. Nusu ya wataalamu wa kuwatoa wagonjwa damu mnaowaona hapa walijifunzia kwenye mkono wake wa kushoto, na wapo walioutoboa mpaka ukavimba. Hawatajwi majina leo kwa kuwa hili ni tangazo la sherehe.

Mara moja alipandishwa cheo akapewa ofisi yenye feni na simu ya mezani. Akaivumilia miezi michache, akarudi mwenyewe chumba cha damu akisema kule juu hakuna mtu wa kuongea naye. Amekuwa mfanyakazi bora mara tatu. Zawadi zilikuwa pasi, blanketi, na pasi tena.

Sasa tuje kwenye benchi. Wasioijua maabara waelewe kwamba vipo vipimo ambavyo mtu hatakiwi kula chochote tangu usiku. Watu hao huja asubuhi na mapema, wakakaa kwenye lile benchi refu la kijani ukutani, matumbo yakinguruma, na watu wenye njaa hawana simile. Zamani sisi wa maabara tulikuwa tunakunywa chai kwenye kijichumba cha jirani, mlango wazi, hatuna habari. Asubuhi moja mshona viatu mmoja, mtu mzima na heshima zake, alimwona mwenzetu akiung'ata mkate uliopakwa siagi. Akanyanyuka bila kusema neno, akaenda kantini, akala akashiba, akarudi akakaa pale pale kwenye nafasi yake kama kwamba hakuna lililotokea. Tulipogundua tukamjia juu, tukamwambia ametupotezea muda. Naye akatuambia kosa si lake, sisi ndio tuliomwonyesha mkate. Tulicheka wote isipokuwa Mama Taratibu. Yeye alisema mzee ana haki.

Tangu siku ile akaweka sheria yake. Hakuna chai mpaka benchi liwe tupu. Hakuna mkate, hakuna karanga mfukoni, hakuna hata harufu, mpaka mgonjwa wa mwisho aliyefunga awe ametolewa damu na kwenda zake. Hakuna mkubwa aliyeipitisha, wala haijabandikwa popote. Tuliipokea shingo upande, mimi nikiwa wa kwanza kununa, kwa sababu bila chai ya asubuhi mimi si mtu wa kusemeshwa. Lakini nani angethubutu kumega mkate mbele ya yule mama wakati yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni? Leo mfanyakazi mpya huambiwa sheria hiyo kabla hajaonyeshwa choo kilipo.

Jambo la pili alilolianzisha ni swali lake. Akishafunga ule mpira wa kukaza mshipa mkononi mwa mgonjwa, huuliza: ukitoka hapa, cha kwanza kuingia mdomoni ni nini? Mgonjwa anasahau sindano, macho yanang'aa, anaanza kueleza, na kabla hajafika kwenye sukari ya chai, damu imeshachukuliwa na pamba imeshawekwa. Mwalimu mkuu mmoja alilalamika kwa wakubwa kwamba kumuuliza mwenye njaa habari za chakula ni utesaji. Wakubwa wakaagiza aulize habari za hali ya hewa. Akatii. Ndani ya wiki moja watu wawili walizimia na mmoja akampiga teke, kwa kuwa habari za mvua hazimsahaulishi mtu sindano. Swali likarudishwa, na yule mwalimu mkuu mwenyewe alipokuja tena, alieleza habari ya mkate wa kuchovya kwenye chai kwa urefu ambao ulisimamisha foleni. Kumbe mkewe alimkataza kuchovya mbele ya watoto, eti si adabu, hivyo siku za vipimo alikuwa anapitia kantini na kuchovya mpaka roho yake inasuuzika.

Swali hilo limewaumbua wengi pia. Yuko bwana aliyeapa kwamba hajala tangu jana, tena kwa viapo vizito. Alipoulizwa cha kwanza atakachokula akitoka, akajibu kwa uungwana mkubwa kwamba haoni haja, ameshiba. Na wale wa kusema hawajala, wamekunywa chai tu, hao hawana idadi. Chai yenyewe ukiuliza ina vijiko vitatu vya sukari na maziwa mpaka juu. Kwao hicho si chakula, ni njia ya kufungua macho.

Kwa miaka yote hiyo, basi, Mama Taratibu amesikia asubuhi za watu kuliko mpishi yeyote. Mkuu wa maabara alipomwomba aongee na wanafunzi waliokuja kwa mafunzo, sote tulidhani ataeleza habari za mishipa. Akaeleza habari za uji. Alisema kuna fundi cherehani mmoja anayetaka uji wenye madonge, na mkewe akimpikia laini hunyamaza na kunywa kwa adabu tu, kwa sababu mama yake alikuwa anakoroga kwa haraka akiwahi shamba, na uji usio na madonge kwake ni uji wa nyumba ya watu. Kuna dereva wa lori ambaye haoni kitu mbele ya kiporo cha maharage, kile kilichogandia chini ya sufuria, maana kwao walikuwa wengi na mdogo wa wote ndiye aliyeruhusiwa kukwangua. Kuna polisi, tena mkubwa wa mwili, anayependa kiazi kitamu cha kuchemsha, lakini sharti kwanza akiweke mfukoni kipoe huko, kama alivyokuwa akifanya akienda shule siku za baridi. Kuna msichana anayekula ganda la mkate peke yake, kwa kuwa dada yake alikuwa anakula ile sehemu laini ya ndani. Dada ameolewa mbali, na bado yeye hutoa ile laini akaiweka pembeni.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini watu wenye fedha zao, wanaoweza kununua chochote, wanataka vitu vya namna hiyo. Mama Taratibu akamwambia kwamba mchana mtu hula kinachopatikana na usiku hula kilichopikiwa kila mtu, ila asubuhi, kabla hajavaa sura ya kwenda nayo kazini, hutaka kula alivyozoea, akiwa na wale aliowazoea. Alisema katika miaka yake yote, wengi aliowauliza wanakula nini walimaliza kwa kutaja mtu. Wanafunzi waliandika. Mimi niliyekuwa nimekaa nyuma nikikaribia kufa njaa, nilimkumbuka bibi yangu, nikapenga kamasi kwa kisingizio cha vumbi.

Na yeye je? Kifungua kinywa chake tunakijua sote. Ni mayai ya mumewe. Mume wake ni mwashi, na mtaani kwao na hapa kwetu anaitwa Fundi tu. Miaka yote Fundi ndiye huamka wa kwanza, akakaanga mayai kwa vitunguu na nyanya, akamfungia mkewe kwenye bakuli la mfuniko pamoja na vipande vya mkate. Mama Taratibu hali nyumbani kabla ya kutoka, kwa sababu anasema hawezi kuwainamia watu wenye njaa huku ananuka vitunguu. Kwa hiyo bakuli lilikaa stoo, katikati ya maboksi ya glavu, mpaka benchi liwe tupu. Likifunguliwa, mayai ni ya baridi na mkate umelowa. Tulimshauri mara nyingi apashe moto kantini. Akasema ameshazoea, na kwamba mayai ya Fundi hata yakiwa barafu ni ya Fundi. Siku za mapumziko nyumba hujaa watoto, wajukuu na shemeji, naye husimama jikoni akigawa. Ndiyo kusema katika ndoa yao yote, kukaa wawili tu mezani asubuhi na mayai yakiwa ya moto ni jambo walilokuwa wakiahidiana tu.

Mwaka jana Fundi alianza kusikia kizunguzungu. Magoti yalikwisha kumtoa kwenye ujenzi, yuko nyumbani. Daktari akamwandikia vipimo, naye akaja asubuhi akakaa kwenye benchi kama watu wote. Nilimwambia apite mbele, mke wake yumo ndani. Akakataa katakata, akasema kwenye foleni hakuna ushemeji. Zamu yake ilipofika akaingia, mlango ukabaki wazi. Mama Taratibu akaosha mikono kwa maji ya moto, akamfunga mpira, na kwa mazoea yake akauliza: Fundi, ukitoka hapa, cha kwanza kuingia mdomoni ni nini? Fundi akasema ni mayai, kwani amewahi kula nini kingine. Kisha naye akamuuliza mkewe swali: mayai yatakuwepo, lakini nitayala na nani?

Akaeleza mwenyewe, hata wa kwenye benchi wakasikia. Ndipo ikajulikana kwamba tangu aache ujenzi, Fundi akishamfungia mkewe bakuli, naye hufunika sahani yake. Hukaa nayo pale mezani mpaka saa anayokadiria kwamba benchi la maabara limekuwa tupu, halafu anakula, mayai ya baridi, peke yake, ili wale wakati mmoja. Mkewe alikuwa hajui. Alimtoa damu, kisha nikamwona akifungua ule mpira polepole mno.

Majibu yalionyesha sukari imepanda. Daktari alimwambia Fundi waziwazi kwamba dawa zake zinataka chakula mapema, bila kusubiri mtu, la sivyo kizunguzungu kitamwangusha vibaya siku moja. Fundi akaitikia vizuri sana mbele ya daktari. Binti yao alipopita nyumbani wiki iliyofuata, alikuta sahani imefunikwa. Mwashi ni mwashi, akishapiga mstari wake anaufuata.

Mwezi wa pili mwaka huu utawala ulimletea Mama Taratibu mkataba wa kuendelea miaka miwili mingine. Umri wa kustaafu alishaupita, na mara mbili alikuwa ameshaongezewa akakubali, kwa kuwa hajui kukataa kazi. Sisi tulikuwa tunamwombea asaini, tena tulishaanza kumpongeza. Akaurudisha haujasainiwa. Mkurugenzi akamuuliza kama ni habari ya mshahara, izungumzwe. Akasema hapana, mshahara unatosha, ila kuna mtu ambaye yeye amemkalisha kwenye benchi muda mrefu, na benchi lake halijawa tupu. Mkurugenzi hakuelewa. Sisi tulielewa, na wengine wetu tulilia bila kujificha.

Kamati ya sherehe, ambayo mimi ni katibu wake, ilikata shauri kumwandalia kifungua kinywa cha saa tatu, mayai ya moto na mkate wa moto, tukijiona tumebuni jambo la maana. Mama wa kantini akawa ameshaagiza trei za mayai. Mstaafu alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta, akatushukuru sana, akakataa. Alisema Jumamosi hiyo asubuhi ameshaalikwa, na aliyemwalika hatakiwi kusubiri tena. Hiyo ndiyo sababu ya saa tano. Mama wa kantini amekasirika kidogo lakini atapoa, mayai atayakaanga hiyo hiyo saa tano na tutayala.

Mama Taratibu, kwa mishipa uliyotuonyesha, kwa mkono wako wa kushoto, na kwa kutushikisha adabu mbele ya wenye njaa, asante sana. Tunakuombea afya wewe na Fundi, na asubuhi nyingi zisizo na foleni. Jumamosi usikimbilie kuja. Kaeni, mle mayai yakiwa na moto wake, Fundi anywe dawa zake, mmalize na chai.

Wafanyakazi wote tumekubaliana kwamba siku hiyo sheria yako haitavunjwa. Dereva wetu wa maabara ameomba asamehewe japo kikombe kimoja, ombi lake limekataliwa. Utatukuta tumekaa pale kwenye benchi la kijani, hakuna aliyegusa kitu, tunakusubiri ufike ukiwa umeshiba. Taratibu.

Kwa niaba ya maabara nzima,
Karani wa mapokezi